Mama Luambano na Kikundi cha Siku Ishirini na Tisa

Baada ya miaka thelathini na mitano na miezi minne ya utumishi, Muuguzi Ekaristia Luambano anastaafu rasmi tarehe 14 Juni 2025, siku anayotimiza umri wa miaka sitini. Tunamuaga leo, siku moja kabla, hapa ukumbini kwetu, kwa wali kidogo, maharage, likolo, yaani mboga za majani, la kutosha na maji ya kunywa. Soda hakuna. Wenye malalamiko wamfuate mstaafu mwenyewe, maana ndiye aliyeipitia orodha ya vyakula kwa kalamu nyekundu kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

Anayeandika haya ni Osmund Hyera wa maabara. Nimefanya kazi na Mama Luambano miaka ishirini na miwili, milango yetu ikitazamana, na katika muda huo tumegombana mara nyingi mno, hata kamati ya sherehe ikaona kwamba hakuna anayemfahamu kuliko mimi. Wasifu huu ameusoma kabla haujachapwa. Amekata sentensi mbili zilizomsifu na ameniamuru niongeze aya moja ambayo mimi sikutaka kuiandika. Mtaiona mbele.

Alizaliwa upande wa Peramiho, binti wa tatu wa mkulima wa mahindi, akasomea uuguzi, na Februari 1990 akapangiwa zahanati ya kijiji kimoja upande wa Namtumbo. Wazee wa huko wanamkumbuka kwa jambo moja. Mizani ya kupimia watoto iliharibika, na mpya ikachukua miezi kufika. Mama Luambano, wakati huo binti wa miaka ishirini na mitano, akaazima mizani ya tumbaku kwa wakulima, akaisugua kwa sabuni siku nzima, akaanza kazi. Uzito wa watoto ulitoka sahihi kabisa, lakini walirudi nyumbani wakinuka ghala. Bibi mmoja alimnusa mjukuu wake akauliza kama kliniki imeanza kuwafundisha watoto kuvuta.

Alikaa huko miaka kumi na mitatu. Mwaka 2003 akahamia kituo hiki cha afya hapa mjini, akapelekwa wodi ya wazazi, ambako alidumu miaka tisa. Wapo watumishi wawili katika ukumbi huu waliopokewa na mikono yake siku ya kuzaliwa, na bado anawakaripia wakichelewa kazini kana kwamba ana hakimiliki.

Mwaka 2012 kituo kilianzisha kliniki ya kisukari. Kusema kweli hakuna aliyeitaka. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya madeki na ndoo, na wagonjwa wa kisukari hawaponi wakaja kukushukuru. Wanarudi mwezi ujao. Alipotangazwa yeye kuisimamia, wengi wetu tulimpa pole. Yeye alitoa madeki, akapaka chokaa, akaweka benchi, akatangaza kwamba kliniki itakuwa kila Jumanne ya kwanza ya mwezi.

Kwa mwaka wa kwanza mambo yalionekana kwenda vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa napima, na nilijivuna. Majibu yalikuwa mazuri ajabu: sita, saba, mara chache tisa. Nilimwambia dawa zinafanya kazi. Yeye alikuwa anayatazama majibu, kisha anamtazama mgonjwa, kisha anaitazama miguu ya mgonjwa, halafu anakunja uso. Majibu yalikuwa yanapendeza na vidonda vilikuwa vinaongezeka. Mwaka ule tuliwapeleka watu watano kukatwa mguu.

Basi Alhamisi moja ya katikati ya mwezi alinitoa maabara, mimi na mashine yangu ya kupimia, tukaenda mitaani bila kumwambia mtu. Bombambili, Msamala, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Sitasahau siku ile. Kumi na nane. Ishirini na moja. Mashine mara mbili iligoma kutaja namba, ikaandika tu kwamba imepita kiwango. Kumbe wagonjwa wetu walikuwa wanafunga siku mbili kabla ya kliniki, wanakula majani matupu na kumeza vidonge vyote walivyoviruka, ili Jumanne wasimwangushe Mama. Walikuwa wanafaulu mtihani na kufeli mwaka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Beata Mbunda, muuza mboga wa Bombambili, mjane wa miaka hamsini wakati ule, mwenye ulimi mkali kuliko sindano zangu. Mama Luambano alimuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini anamdanganya. Beata hakujitetea. Akasema, "Mama, Jumanne ile ni yako, na mimi nakupa yote. Hizi siku nyingine ishirini na tisa niko peke yangu. Kuna togwa, kuna harusi, kuna watoto wanataka mboga yenye mafuta, nikisema naumwa wananiambia mbona unatembea."

Tulirudi kituoni. Tulipofika getini Mama Luambano akasema kwamba amekuwa akifanya kazi siku kumi na mbili kwa mwaka huku akidhani anafanya kazi mwaka mzima. Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja tu, nalo ndilo lililomtawala mpaka leo: mgonjwa wa kisukari anaishi na nani siku ambazo sisi hatupo?

Jibu lake likawa kikundi cha wagonjwa wenyewe, kilichoanza Julai 2013 uani kwa Beata, watu kumi na mmoja, asubuhi ya baridi kali, kila mtu kajifunga shuka. Jina lilipatikana palepale: Siku Ishirini na Tisa. Mtu mmoja aliuliza kuhusu miezi yenye siku thelathini na moja. Beata akamwambia hiyo siku ya ziada atakaa naye yeye mwenyewe amwangalie anavyokula. Hakuuliza tena.

Kwa wageni ambao hawajawahi kufika, nieleze kinachofanyika. Wanakutana kila Jumamosi saa moja asubuhi. Wanatembea kwanza, kundi zima, hadi karibu na vilima vya Matogoro na kurudi, na atakayebaki nyuma anasubiriwa. Kisha wanavua viatu. Kila mwanakikundi ana mwenza, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na kazi ya mwenza ni kukuangalia nyayo, katikati ya vidole, kisigino, kila mahali, kwa sababu kisukari kikikaa mwilini miguu inakufa ganzi na mwenye mguu ndiye wa mwisho kujua. Katikati ya wiki mwenza anapita nyumbani kwako. Haji kukagua. Anakuja kukaa, kupiga soga, na kuona kidogo sufuria ina nini.

Zaidi ya hapo, kikundi kiligundua jambo ambalo sisi wenye vyeti hatukuwa tumeliwaza: anayeumwa mara nyingi si anayepika. Tulikuwa tunamfundisha baba namna ya kula, na baba anarudi nyumbani kwa mama ambaye hakuwepo darasani. Beata ndiye aliyeanza kwenda kwa wapishi. Anaingia jikoni, anashika mwiko, anasonga dona, anakata kipande kinachotosha na kukiweka sahani moja na mlima wa likolo, bila kuhutubia. Wanaume kadhaa walilalamika kwa Mama Luambano kwamba kuna mwanamke anapunguza ugali wao kwa mamlaka asiyopewa na mtu. Mama aliwajibu kwamba yeye ndiye aliyempa.

Si wote kikundini ni wagonjwa. Theluthi moja ni watu wa kujitolea tu. Majidi, fundi baiskeli wa Msamala, alikuja kwa ajili ya mama yake, na mama alipofariki kwa uzee wake hakuondoka. Ndiye aliyewakutanisha sheikh wa msikitini kwao, daktari wetu na wagonjwa wiki tatu kabla ya Ramadhani, wakazungumza waziwazi nani afunge, nani asifunge, na nani abadilishiwe saa za dawa. Sasa kikao hicho ni cha kila mwaka, na daktari huwa anafika kabla ya sheikh, jambo ambalo kwa daktari wetu ni la kushangaza.

Na yupo Mzee Thadei Nchimbi, fundi seremala mstaafu, ambaye kwa Jumamosi nne mfululizo aligoma kuvua mabuti. Alisema miguu yake ina miaka sitini na mitano na haijawahi kumsumbua. Jumamosi ya tano alivua ili wamwache. Kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na msumari mdogo, umezama mpaka kichwa, na yeye alikuwa ametembea nao hadi Matogoro na kurudi bila kusikia chochote. Hakuna aliyecheka. Mwezi uliofuata alikuja na vigoda kumi na viwili alivyovitengeneza kwa mkono, vya kuwekea mguu wakati wa ukaguzi.

Mimi nilikataa Jumamosi hizo kwa mwaka mzima. Nilisema nina shamba. Mama Luambano hakunibembeleza. Kila Jumatatu alikuwa ananisimulia tu, kwa undani, mpaka nikaona heri niende nikajionee kuliko kusimuliwa. Nimekosa chache sana tangu hapo, na shamba langu lenyewe linashuhudia.

Sasa nifike Agosti 2018, kwa sababu wasifu usiokuwa na mwezi huo ungekuwa wa mtu mwingine.

Kaka yake Mzee Thadei alifariki kule Matogoro. Kwa wengi wetu, ndugu wa karibu wa marehemu hagusi chakula mpaka mazishi yaishe. Si sheria iliyoandikwa popote, lakini anayekula anatazamwa. Mzee Thadei alikuwa ameshaanza sindano za insulini, na alikuwa mwanakikundi mtiifu: asubuhi ile alijidunga kama alivyofundishwa, asiruke hata siku moja. Kisha, kama ndugu mwenye heshima, hakula. Mazishi yalichelewa wakimsubiri mtoto wa marehemu atoke Mbeya. Ilipofika saa nane mchana, katika upepo ule wa baridi, mzee alikuwa ametota jasho, anatetemeka, anaongea na watu wasiokuwepo. Waombolezaji walidhani ni uchungu wa msiba.

Binti yake alihisi ni njaa, akamletea soda. Beata alikuwepo, pamoja na wanakikundi wengine wawili na Majidi. Beata aliichukua ile soda mkononi mwa binti akaimwaga chini mbele ya watu wote. Akasema mnataka kumwua. Wenzake wakamuunga mkono. Kwa miaka mitano walikuwa wamefundishwa kwamba soda ni adui, na sasa adui ameletwa msibani na mtoto wa mgonjwa. Wakampa maji matupu, wakamlaza, wakasubiri gari. Mzee akaacha kuongea.

Majidi ndiye aliyepiga simu. Mama Luambano aliuliza maswali matatu tu: amejidunga, amekula, anatoka jasho? Akasema mpeni sukari sasa hivi. Beata alidhani Majidi amechanganyikiwa, akaichukua simu akasikia kwa sikio lake mwenyewe. Wakakimbilia kwa wapika chai, wakachukua sukari, wakampaka kidogokidogo ndani ya shavu huku wamemlaza kwa ubavu. Baada ya kama robo saa mzee alifungua macho, akauliza kwa nini amelala wakati kaka yake hajazikwa. Alilazwa siku tatu. Mkono wake wa kulia, mkono wa randa, ulikuwa mzito kwa wiki kadhaa.

Jumamosi iliyofuata walikuja watu wanne. Mtaani maneno yalikuwa yameshaenea kwamba kikundi kilitaka kumwua mtu msibani kwa kumnyima soda. Ndugu wa Mzee Thadei walisema haendi tena. Beata alikunja meza yake ya mboga, akajifungia ndani. Mama Luambano alikwenda kwake mara mbili na mlango haukufunguliwa. Kazi ya miaka mitano ilikuwa inakwisha mbele ya macho yetu, na nilidhani, sisiti kusema, kwamba tungefanya vizuri kunyamaza mpaka watu wasahau.

Yeye hakunyamaza. Aliandika barua kwa mganga mfawidhi akieleza kosa ni la nani. Naifahamu barua hiyo kwa sababu nilimsihi asiipeleke. Kisha akawaita wanakikundi wote na familia ya Mzee Thadei uani kwa Beata, na Beata, kwa kuwa ni uani kwake, ikabidi asikilize hata akiwa nyuma ya dirisha. Mama Luambano alisimama akasema hivi, na ninayaandika kama alivyoyasema:

"Beata alifanya nilichomfundisha. Nilijua kwamba sukari inaweza kushuka na kumwua mtu upesi kuliko ikipanda. Niliwatajia mara moja, mwaka juzi, nikapita harakaharaka, kwa sababu niliogopa mkisikia sukari ni dawa mtapata kisingizio cha soda. Sikuwaamini. Nikawapa nusu ya somo. Mzee wangu Thadei, naomba unisamehe."

Kaka mmoja wa ukoo alitaka kusema jambo zito, Mzee Thadei akamkatiza. Akawauliza ndugu zake, mnaponitoa kikundini, nani kati yenu ataniangalia miguu? Walitazamana. Akasema basi, Mama atufundishe na hiyo nusu nyingine. Aliyekwenda kugonga dirisha la Beata ni binti yuleyule ambaye soda yake ilimwagwa. Nilimwona Mama Luambano akilia siku hiyo. Katika miaka ishirini na miwili nimemwona mara mbili tu.

Somo lilitolewa wiki iliyofuata, na aliyelitoa ni Mzee Thadei mwenyewe, akieleza jasho linavyoanza, mikono inavyotetemeka, na jinsi mtu anavyoona watu walio mbele yake ni wengine. Hakuna daktari angeweza kulifundisha vile. Tangu hapo kila mwanakikundi mwenye dawa hutembea na sukari kidogo iliyofungwa kwenye nailoni, mfukoni au kwenye pindo la khanga.

Lakini msiba ulibaki tatizo, kwa sababu sukari ya mfukoni haifundishi watu wasikutazame ukila. Kikundi kikaenda kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo, kikaenda msikitini, kikaenda kwa wazee wa koo. Mwanzoni walikubaliana kwamba wagonjwa watapewa sahani nyuma ya jiko, kimyakimya. Mzee Thadei alikataa. Alisema yeye si mwizi wa ugali. Ilichukua karibu miaka miwili ya maneno, lakini leo ukienda msibani katika kata zetu hizi, asubuhi kabla ya ratiba utamsikia msemaji wa familia akitangaza kwamba wenye kisukari na wanaotumia dawa waingie wakale kwanza, na wanakwenda kwa mlango wa mbele. Kuna vijana wanaodhani ni desturi ya zamani.

Leo vikundi vya namna hii viko vinne, Bombambili, Msamala na Matogoro viwili, vyenye watu mia moja na sitini. Wanakikundi waliokatwa mguu katika miaka kumi na miwili ni mmoja. Mama Luambano amepewa cheti cha mfanyakazi bora mara tatu. Kimoja alikitumia kuzibia kioo kilichopasuka cha dirisha la kliniki na bado kipo, mnaweza kwenda kukisoma.

Sasa ile aya ambayo sikutaka kuiandika.

Oktoba 2023 Mama Luambano aliingia maabara, akafunga mlango, akaninyooshea kidole. Nilidhani ananionya kwa jambo fulani. Akasema nipime. Ilisoma kumi na saba. Nikabadilisha mashine, ikasoma kumi na saba tena. Alianza dawa kwa daktari wetu wiki hiyohiyo na alizimeza vizuri, hilo namshuhudia. Lakini hakumwambia mtu. Kila Jumamosi aliendelea kusimama katikati ya ua, wenzake wakivua viatu, yeye amevaa vyake. Tuligombana kwa hilo miezi kumi na tisa, nao ndio ugomvi wetu mrefu kuliko yote. Alisema wakijua watakata tamaa. Watasema kama imemshinda hata yeye, sisi ni nani. Mimi nilimwambia anaogopa tu kama wengine wote. Hakunisemesha siku nne.

Nilikuwa namwona anavyoondoka kituoni jioni, mtu aliyezungukwa na watu mia moja na sitini, anakwenda nyumbani kubeba ugonjwa wake peke yake. Mume wake alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali. Iliniuma, na sikuwa na ruhusa ya kusema.

Kustaafu kukakaribia. Muuguzi Dorine, anayeipokea kliniki, alianza kukabidhiwa mwezi wa nne. Kikundi nacho kilimwandikia Mama Luambano barua kikimwomba akistaafu awe mlezi wao, akae mbele, awe anafundisha. Alitakiwa kujibu Jumamosi ya tarehe 3 Mei. Wote walijua atakubali, hata kiti cha mlezi kilikuwa kimeshatandikwa kitambaa.

Alipoitwa hakukiendea kile kiti. Alivuta kigoda, akakaa katikati ya wanawake, akainama akavua viatu, kisha soksi. Kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia palikuwa na lengelenge jekundu ambalo yeye mwenyewe hakuwa analijua. Akawaambia yote, tangu lini na kwa nini alificha. Alisema hawezi kuwa mlezi. Anaomba kuwa mwanakikundi, kama watamkubali.

Niseme ukweli, nilitarajia vigelegele. Beata alikuwa amekasirika. Alikuja akapiga goti mbele ya mguu ule, akaushika, akautazama muda mrefu, ndipo akasema, "Mara ya pili hii unatupa nusu, Mama. Miaka yote umeiangalia miguu yetu. Huu wa kwako alikuwa anauangalia nani?"

Mama Luambano akalia, na hiyo ndiyo mara ya pili niliyoisema.

Ombi lake lilijadiliwa kama la mtu mwingine yeyote, yeye akiwa ametolewa nje ya ua, akisubiri barabarani na viatu mkononi. Mzee Thadei alihoji kama ataweza kukaa akafundishwa. Majidi alisema ana mashaka. Dorine, mgeni, hakuthubutu kusema. Mwishowe alikubaliwa kwa sharti moja: kwa miezi sita ya kwanza haruhusiwi kumfundisha mtu yeyote jambo lolote. Mwenza wake ni Beata. Lengelenge lilipona kwa siku kumi na moja, na Beata alipita nyumbani kwake siku zote kumi na moja, ingawa kanuni inataka mara moja tu kwa wiki.

Mama Luambano, kwa niaba ya watumishi wote wa kituo hiki, ahsante. Ahsante kwa watoto uliowapima na uliowapokea, kwa wazee wanaotembea kwa miguu yao miwili, kwa barua ile niliyokusihi usiipeleke. Ahsante kwa kunitoa maabara Alhamisi ile. Ukienda, mlango unaotazamana na wangu utakuwa na mtu mwingine, mpole na mwenye adabu, na nimeshaanza kuukumbuka ugomvi.

Tunakuombea ustaafu mtulivu, afya ya kuulea mwili wako kama ulivyoilea ya wengine, na miaka mingi ya kuishi hapa hapa kati yetu. Kesho saa moja asubuhi, siku yako ya kwanza bila kazi, Beata atakuwa anakusubiri. Huendi kufundisha. Nenda ukakae, uvue viatu.